Kupima sumu ya maji ya pwani kwa seli za samaki

Kwa maji ya mitaro inayomwaga pwani ya Mji Mkongwe, tumia RTgill-W1, seli za matamvua ya trauti, samaki wa maji baridi. Zinaota kwenye maji lishe ya L-15 bila kuhitaji kaboni dayoksaidi, lakini zinataka nyuzi 19. Kwa joto la Unguja inkubeta (kabati la kutunzia seli) iwe yenye kupoza, na iwe na betri: umeme ukikatika mchana, jaribio limekwisha.

1. Teka maji yakiwa yamekupwa, bahari isije ikayazimua. Chupa iwe ya kioo cha kahawia, isuuzwe kwa asetoni na ikauke. Plastiki hunyonya mafuta na viuatilifu. Weka kwenye barafu, upime ndani ya saa 24.

2. Chuja kwa kichujio cha mikromita 0.22, la sivyo bakteria watazishinda seli. Sumu iliyoganda kwenye tope itabaki kichujioni; hiyo ina kipimo chake.

3. Sahani ya vishimo 24: kila kishimo seli 350,000 ndani ya mililita 1. Ziache saa 24 zishike.

4. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Seli zimezoea miliosmoli 300 hivi kwa kilo (kipimo cha wingi wa chumvi na vitu vingine vilivyoyeyuka). Bahari ina kama 1,000. Ukiyamimina yalivyo, seli zitasinyaa zife, nawe utaandika "sumu" kumbe ni chumvi. Changanya sehemu 1 ya sampuli na 9 za L-15/ex (L-15 iliyorahisishwa), upate kama 370 ikiwa sampuli ina chumvi kama ya bahari. Kisha punguza nusu kwa nusu mara tano, ukizimulia kwa maji lishe yaliyotiwa chumvi safi hadi 370 hiyo hiyo, ili kinachobadilika kiwe uchafu peke yake. Maji hayo ya kuzimulia ndiyo pia ya vishimo vya kulinganisha. Siramu (majimaji ya damu yanayolishia seli) usitie kabisa: protini zake hukamata sumu isizifikie seli. Vishimo vitatu kwa kila kipimo, na vitatu vya dikloroanilini, sumu ya kuhakikishia kipimo. Seli za vishimo hivyo zisipokufa, tupa sahani.

5. Baada ya saa 24 mwaga, suuza vizuri (weusi wa maji ya mtaro huidanganya mashine ya kusoma mwanga), tia alamarBlue ya asilimia 5, rangi ambayo seli hai huifanya ing'ae, gizani dakika 30. Washa kwa nanomita 530, soma 590. Toa namba ya vishimo visivyo na seli (viweke kwenye sahani ya pili), gawanya kwa ya kulinganisha, zidisha kwa 100, upate asilimia ya uhai wa seli.

Zikitoka zote karibu na 100, usiyatangaze maji kuwa salama: umepima sehemu moja ya kumi tu. Pitisha lita 1 kwenye kichujio cha C18, kinachonasa kemikali za aina ya mafuta, zikamue kwa methanoli, kausha, yeyusha kwa DMSO (kiyeyushi) isiyozidi asilimia 0.5 kishimoni, urudie kuanzia hatua ya 3.