SOMO: Kuchagua fleksibo za miksa ya jikoni kabla hujafika dukani

Wakuu, maji mengi yanayoharibu makabati ya jikoni hayatoki kwenye miksa, yaani bomba linalochanganya maji ya moto na baridi. Yanatoka kwenye fleksibo, ile mipira miwili iliyosukwa waya iliyoko chini ya sinki, ambayo hununuliwa mwishoni kwa chenji iliyobaki. Tuanze na hiyo.

1. Pima kwa kamba. Shika kamba kwenye ango valvu (kile kikoki kidogo cha kufungia maji) ukutani, ipandishe hadi tundu la miksa, iache ilegee kidogo, kisha ipime. Ikitoka sentimita 38, chukua fleksibo ya 45 au 50. Ya 40 itavutika, na ikivutika huachia pale kwenye pete inayobana mpira na nati. Ndefu kupita kiasi nayo hujikunja, mpira wa ndani ukajibana. Karibu na pete acha kama sentimita 5 zinyooke ndipo ukunje. Usiunganishe mbili fupi ili upate moja ndefu.

2. Angalia ncha zote mbili. Upande wa ukutani kwa kawaida ni nati ya nusu inchi. Upande wa miksa ya mkono mmoja mara nyingi ni uzi mwembamba wa milimita 10, shingo moja fupi na nyingine ndefu, ili zisigombane. Nenda na miksa yenyewe dukani, zungusha kwa mkono palepale kaunta.

3. Kwaruza nati. Chukua ncha ya kisu, kwaruza kidogo ndani ya ukingo. Ikionekana njano, ni shaba. Ikionekana kijivu na nati ni nyepesi, iache: hiyo hupasuka. Waya wa nje uwe stenlesi. Wa alumini ni laini na huliwa haraka. Tafuta pia maandishi ya presha na joto. Bar 10 na nyuzi 90 zinatosha nyumba ya kawaida.

4. Funga. Fleksibo zifungwe kwenye miksa kabla miksa haijakaa kwenye sinki, kwani chini hakuna nafasi ya mkono. Anza na shingo fupi. Kaza kwa mkono, spana iguse tu. Kisha fungulia ango valvu kwenye ndoo mpaka maji yawe safi, hasa Desemba hadi Aprili maji yanapokuja na tope. Ndipo ufunge nati ya chini: mkono, halafu robo mzunguko kwa spana. Hapa usiweke tepu ya kuzungushia uzi. Kinachozuia maji ni washa ya mpira iliyo ndani ya nati; tepu huifanya nati ikaze kabla washa haijabanwa. Tepu ni ya upande wa ango valvu unaoingia ukutani.

Futa kila kiungo kikauke, tandika karatasi ya chooni chini yake, subiri nusu saa. Doa la tone moja utaliona. Kagua tena asubuhi.

MASWALI

*Kamwene fundi. Niko Ipogolo, nati imepasuka usiku na hakuna aliyeigusa. Kwa nini?*

Kamwene dada. Nati ya kijivu iliyokazwa kwa nguvu huanza na ufa usioonekana. Usiku watu wamefunga mabomba, presha hupanda, ufa hufunguka. Tena kila mita 10 za kushuka bondeni kutoka kwenye tenki linalokulisha huongeza bar 1. Weka ya shaba, na ukisafiri funga ango valvu.

*Mkuu, simtanki yangu iko juu mita 3, miksa inatoa uzi tu wa maji. Nibadili fleksibo?*

Mita 3 ni bar 0.3 tu. Kwanza fungua kichujio cha mdomoni, mara nyingi kimejaa mchanga. Kisha tafuta fleksibo yenye tundu pana. Nyingi za kawaida ndani zina milimita 6 hadi 8 tu. Kuinua tenki mita moja kutakupa bar 0.1.

*Sina hita bado, huku Njombe baridi ni kali nitaweka baadaye. Fleksibo ya moto niiache wazi?*

Usiiache. Weka tii (kiungo cha njia tatu) kwenye maji baridi, ulishe fleksibo zote mbili. Maji yatapita kwa njia mbili, na mtiririko utaongezeka mpini ukiwa katikati. Siku ya hita unatenganisha tu.

*Ndaga fijo fundi. Na Jiki tunaiweka humohumo kabatini, ina shida?*

Ina shida kubwa. Mvuke wake hula hata stenlesi. Ihamishe, na ukiona vidoa vya kutu karibu na pete au waya mmoja umekatika, badilisha zote mbili siku hiyohiyo.