SOMO: Kumchukua mbwa mkubwa aliyetelekezwa (soma yote kabla ya kuuliza)

Wakuu, heshima mbele. Kila mtu akihamishwa kikazi au mgeni akimaliza mkataba wake, mbwa anabaki getini, na mimi napigiwa simu: "Mkuu, nimepata mbwa mkubwa wa bure, nianzie wapi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika hapa, na atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Wengi mnataka kitoto kwa kudhani mbwa mkubwa ameshaharibika. Kitoto ni bahati nasibu. Hujui atafikia umbo gani, atakuwa mkali au mwoga, na atatafuna kila ndala iliyoko barazani. Mbwa wa miaka minne unamwona alivyo, ila tabia yake imefunikwa na woga kwa muda. Kazi yako ni kusubiri woga uondoke, basi.

1. Nyumba nzima ikubali, dada wa kazi akiwemo, na mwenye nyumba kama umepanga. Asiyekubali leo ndiye atakayemwachia geti wazi kesho.

2. Mwone huko aliko kabla ya kumchukua, ikiwezekana zaidi ya mara moja. Uliza anaishije na watoto, paka na kuku, alikuwa anakula nini, na kama amewahi kumng'ata mtu. Umri wa kuambiwa usiutegemee. Mbwa anakuwa na meno yake yote 42 akifika miezi saba hivi, kwa hiyo meno meupe yaliyokamilika ni ya kijana. Ukiona ugaga wa kahawia kwenye magego na meno ya mbele yamelika, huyo ameishi. Lakini kufungua mdomo ni kazi ya daktari, wewe hakujui bado.

3. Pitia kwa daktari wa mifugo kabla ya kufika nyumbani. Kama kadi haipo, chukulia hajachanjwa kichaa cha mbwa, hata mwenyewe aape. Kinga inahitaji kama wiki nne kujijenga, na ugonjwa unaweza kukaa mwilini miezi miwili mitatu bila dalili, kwa hiyo sindano ya leo si ruhusa ya kumwachia watoto kesho. Akikung'ata au kukukwaruza: sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Mengine ni dawa ya minyoo na ya kupe. Akiwa amekonda, fizi zimepauka na hana raha, omba apimwe damu, maana homa ya kupe inatibika ikiwahiwa. Na mbwa anayedondosha damu sehemu za siri bila kukoma anaweza kuwa na uvimbe unaoambukizwa kwa kupandana. Unatisha kwa macho, lakini wengi wanapona kwa sindano za kila wiki. Usimrudishe mtaani kwa ajili ya hilo. Akipata nguvu, dume ahasiwe, jike afungwe kizazi.

4. Usafiri ni gari au bajaji, asiwe ameshiba. Bodaboda hapana.

5. Siku za mwanzo mwache. Mpe kona moja, maji na gunia la kulalia. Usimwogeshe, usimkumbatie, usiite majirani waje kumtazama. Wanaopokea mbwa waliotelekezwa wana kanuni yao ya tatu-tatu-tatu: siku 3 za bumbuwazi, wiki 3 za kusoma ratiba ya nyumba, miezi 3 ndipo ajione yuko kwake. Si hesabu ya maabara, ila inakusaidia wewe kutulia.

6. GETI. Hapa niliboronga, na wengi mtaborongea hapahapa.

Nilikuwa na jike mweusi, mpole, anakula vizuri, nikajiona nimefuzu. Nikamtoa hadi geti dogo kwa kamba. Akapita muuza mkaa anagonga baiskeli yake. Mimi nilijiandaa avute kwenda mbele. Hakuvuta. Alirudi kinyumenyume, akainamisha kichwa, masikio yakalala shingoni, kola ikateleza kama pete kwenye kidole chenye sabuni. Nikabaki na kamba mkononi na kola inaning'inia, mbwa hayupo. Watoto wa mtaa ndio waliomwona baadaye chini ya lori bovu.

Kwa hiyo sikilizeni. Kola ibane kiasi cha vidole viwili tu kupita. Mbwa mwenye kichwa chembamba kuliko shingo, hasa hawa wetu wa kienyeji, kola pekee haimshiki. Mvalishe mkanda wa kifuani pia, na kamba mbili, moja kwenye mkanda na moja kwenye kola. Wiki za mwanzo asitoke bila kamba hata ndani ya uzio kama ukuta ni mfupi au chini kuna upenyo. Namba yako ya simu ikae shingoni kwake tangu siku ya kwanza, usisubiri azoee. Sheria ya nyumba: geti halifunguliwi mpaka mtu aseme mbwa yuko wapi.

USIMKIMBIZE akitoroka. Hakujui, na ukikimbia unamthibitishia kwamba wewe ni wa kukimbiwa. Chuchumaa, mpe ubavu, usimkazie macho, mrushie kitu chenye harufu. Akipotea kabisa, weka gunia lake na chakula getini usiku, uwaambie wauza maziwa na walinzi, maana wao ndio wako macho alfajiri.

Na usinijibu kwamba dawa ya kutoroka ni mnyororo kutwa nzima. Hapo utakuwa umefuga kengele yenye hasira.

7. Chakula: wiki ya kwanza alichozoea, kisha badilisha polepole. Ugali kwa dagaa au utumbo ni mwanzo mzuri, ugali mtupu si chakula. Mifupa ya kuku iliyopikwa, vitunguu, zabibu na chokoleti ni marufuku.

8. Mafunzo ni kipande cha maini papo hapo anapofanya vizuri. Fimbo weka mbali.

Maswali karibuni.

—

Chuma_Ulete: Mkuu nimesoma juujuu. Nimechukua dume jana, kagoma kula na kajificha chini ya kitanda. Nimtoe kwa fimbo?

Mwandishi: Hatua ya 5. Na hapana.

Chuma_Ulete: Mbona mkali? Si ujibu tu.

Mwandishi: Nimeshajibu kule juu, ndiyo maana ya somo. Haya: mbwa mwenye hofu anaweza kugoma kula siku moja au mbili. Anakunywa maji? Kama anakunywa, sukuma sahani karibu na kitanda, toka, funga mlango. Hagusi maji, anatapika au anaharisha, daktari leo. Ukimchokoa na fimbo atang'ata, na mimi nitakuwa upande wake.

Pwani_Raha: Samaki mkunje angali mbichi. Mbwa wa miaka mitano hafundishiki, tusidanganyane.

Mwandishi: Hatukunji samaki hapa. Mbwa wa mtaani kwako wanajua saa ya muuza samaki kupita. Nani aliwafundisha, na walikuwa na umri gani? Mkubwa anashika upesi kwa sababu anaweza kutulia. Kigumu ni kumsahaulisha alichofundishwa kwa kipigo.

Mama Tunu: Kaka, ahsante kwa somo. Nimepewa jike aliyefungwa mnyororo miaka. Nimemfungua lakini haendi popote, anazunguka palepale, duara lilelile. Nimvute?

Mwandishi: Dada, usimvute, na ahsante kwa kumwangalia hivyo. Kwake dunia inaishia pale mnyororo ulipokuwa unakaza. Weka sahani hatua moja nje ya duara, ukae mbali. Akizoea, ongeza hatua. Ukiwapo muache aburute kamba nyepesi ndefu, asisikie uzito shingoni. Kisha fanya mambo matatu. Papasa chini ya manyoya ya shingo, kola za zamani huwa zinaingia nyamani. Angalia kucha: hazijasagika kwa kutembea, zinaweza kuwa zimejikunja na zinamuumiza. Na matembezi yawe mafupi, asubuhi kabla ya jua, misuli ya nyuma imelegea.

Mama Tunu: Shingoni kuna sehemu haina manyoya, pakavu, hapana kidonda. Kucha kweli ndefu.

Mwandishi: Pakavu si neno, ila mvue kola, tumia mkanda wa kifuani. Kucha mpeleke kwa daktari. Ndani yake kuna mshipa, na kucha iliyoachwa sana mshipa nao unarefuka. Zinakatwa kidogokidogo. Rudi utuambie amefika wapi.

Kijana_wa_Mtoni: Sisi ni Waislamu, bi mkubwa anaswali barazani. Tunataka mbwa wa ulinzi. Inawezekana?

Abuu_S: Nijibu mimi, kwetu tunaye. Mbwa wa ulinzi ana ruhusa. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi huku pwani, tatizo liko kwenye unyevu: mate, pua, manyoya yaliyolowa. Chombo alicholamba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mkavu kwa mkavu hakuna shida. Banda letu liko nyuma, sahani zake haziingii jikoni, na kanzu kuukuu ya kumhudumia inakaa kwenye msumari hukohuko bandani.

Mwandishi: Shukran. Naongeza: kwa nyumba kama hiyo mbwa mkubwa ni afadhali zaidi. Kitoto kinamlamba kila mtu.

Rongai_Finest: Na huku Nairobi mtu aanzie wapi?

Mwandishi: KSPCA, shirika la kutunza wanyama, Barabara ya Lang'ata. Waambie wakuonyeshe waliokaa muda mrefu, hao ndio hawaulizwi.

Fundi_Gereji: Kama ana ukurutu mpakeni oili chafu ya gari. Wiki moja tu.

Mwandishi: TAFADHALI MSIPAKE. Inaunguza ngozi, anailamba, inamuumiza ndani. Daktari anakwangua ngozi kidogo, anaangalia kwa hadubini ni wadudu gani, kisha anatoa dawa kwa uzito wa mbwa.

Fundi_Gereji: Babu yangu alipaka miaka yote.

Mwandishi: Na ulihesabu waliokufa? Na wewe unayetaka kuuliza kuhusu dawa ya kuogeshea ng'ombe, jibu ni hilohilo. Kipimo cha jicho kwa ile dawa ni sumu.

Mama Tunu: Kaka, moja la mwisho. Mwaka mpya wanapiga fataki mtaani. Huyu wangu atapasuka moyo.

Mwandishi: Mtembeze mapema, jua halijazama. Ikifika magharibi yuko ndani, chumba kisicho na dirisha la barabarani, mkanda na namba ya simu hata akiwa ndani, maana usiku ule hata mbwa waliozoea wanaruka kuta. Washa redio kabla ya fataki kuanza. Akija miguuni kwako mwache akae.

Chuma_Ulete: Redio gani?

Mwandishi: Yoyote. Taarabu ni nzuri, wimbo mmoja unaisha fataki zimekwisha. Dume lako limekula?

Chuma_Ulete: Kala usiku. Nilifunga mlango kama ulivyosema.