Kwera wa Kilifi au kwera mgongo-mweusi? Someni kabla ya kuuliza

Kila mara ni picha ileile kutoka msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya: ndege mweusi, tumbo la njano, "huyu ni golandi (kwera wa Kilifi)?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja.

1. Andika mahali. Ploceus golandi haishi popote duniani nje ya Kilifi. Picha za Shimba Hills, kule Kwale, bakini nazo.

2. Tazama miti. Kwenye mirihi (miti ya Brachystegia), kundi lenye makelele huko juu huwa ni wa Kilifi. Mgongo-mweusi (Ploceus bicolor) hupenda msitu mchanganyiko, wawili wawili.

3. Bawa. Hapa ndipo wengi wanapoponzwa. Dume wa Kilifi ana kingo za njano kwenye manyoya ya bawa, na weusi wake hushuka mpaka kifuani. Mwenzake bawa ni jeusi tupu, njano inaanzia kifuani. Onyo: jua likiwa nyuma ya ndege, zile kingo hazionekani kabisa. Zunguka mti, au msubiri ageuke. Hujaona bawa? Usiandike jina.

4. Tafuta jike. Wa Kilifi ana mgongo wa kijani cha zeituni. Mgongo-mweusi, dume na jike ni sare.

MASWALI

– Nimeona mwenye njano, ni yupi?
Hatua ya 3.

– Si wote kwera tu? Mbona mnatutesa?
Wa Kilifi, Orodha Nyekundu ya IUCN (shirika la kimataifa la uhifadhi) inasema yumo hatarini kutoweka. Mgongo-mweusi ameenea kutoka Nigeria hadi Afrika Kusini, hana shida. Ukimwandika mgongo-mweusi kwa jina la wa Kilifi, hesabu itaonyesha golandi wapo tele, na mwenye shoka atashukuru.

– Samahani mwalimu, wa Kilifi hutaga wapi?
Swali zuri, dada. Alipewa jina 1913, lakini viota havikupatikana hadi 2013, huko kwenye msitu wa Dakatcha, Kilifi, kwenye ndago za dimbwi la msimu. Mvua isiponyesha vizuri, dimbwi hakuna. Na Dakatcha si hifadhi ya serikali: mkaa na mashamba ya mananasi yanaimaliza mirihi. Mgongo-mweusi hahitaji dimbwi. Kiota chake chenye shingo ndefu huning'inia msituni.

– Darubini gani?
8x42 (hukuza mara nane, lenzi ya milimita 42) yatosha.

– Na mirihi nitaijuaje?
Fuata mchanga mweupe. Ukianza kukanyaga mwekundu, umeshaipita, geuza.