Kabla ya Kwenda Kuonyesha Korodani Iliyovimba

Ami yangu wa Kisauni alikaa na korodani iliyovimba miezi minane, akijitanda kikoi kipana isionekane. Pwani yetu kila uvimbe wa huko huitwa busha, na busha mtu huishi nalo. Lake halikuwa busha. Kilikuwa kifua kikuu, kilichoanzia kwenye mrija uliojikunja nyuma ya korodani.

Kama una uvimbe wa wiki kadhaa, jichunguze kwanza nyumbani. Ukishaoga maji ya moto, ngozi ikalegea, papasa kila korodani kwa kidole gumba na vidole viwili: ugumu uko ndani yake au nyuma? Kisha zima taa, umulike tochi ya simu kwa nyuma. Maji ya busha hupitisha mwanga. Nyama ngumu haipitishi. Hilo bado si jibu, maana busha laweza kuficha ugonjwa mwingine, lakini daktari atalihitaji. Maumivu makali ya ghafla ni jambo jingine: korodani ikijisokota, zikipita saa 6 hivi nafasi ya kuiokoa hupungua sana. Nenda hata kama ni usiku wa manane.

Andika kwenye karatasi uvimbe ulianza lini, kama uliwahi kuumia hapo, kukohoa muda mrefu, kutoka jasho usiku, au kuwekewa mpira wa mkojo. Taja hata maziwa mabichi, kwani bruselosi, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu, hushuka hadi korodani. Beba paketi za dawa zote ulizonunua dukani. Msiwaonee haya madaktari kwa hizo paketi, ndugu zangu; antibayotiki kama levofloksasini zaweza kuififiza TB isionekane kwenye vipimo. Huenda ukaombwa mkojo wa alfajiri, siku tatu mfululizo.

Lililo gumu zaidi ni uvimbe sugu adimu (kwa Kiingereza granulomatous orchitis) unaowapata zaidi wanaume wa miaka 50 na 60, ambao hudhaniwa ni kinga ya mwili kuzishambulia mbegu baada ya jeraha au maambukizi. Hata ultrasaundi haiwezi kuutofautisha na saratani kwa uhakika, na wengi huambiwa jina lake korodani ikishatolewa na kupimwa maabara. Kwa hiyo uliza mapema: damu imepimwa viashiria vya saratani? Upasuaji utapitia kinenani? Saratani ikishukiwa, sindano ya kuchukua kipimo haichomwi kupitia mfuko wa korodani. Kama bado unataka watoto, ulizia kuhifadhi mbegu kabla ya kutia sahihi. Korodani moja nzima kwa kawaida hutosha.

Enda na mtu. Ami alikwenda na mkewe, na ndiye aliyekumbuka kikohozi alichokisahau yeye. Alimeza dawa miezi 6, bila malipo, kwenye kliniki ya serikali. Uvimbe ulinywea, lakini korodani ile ilikuwa imeshakufa.