Kuzilinda okidi za nchi za joto na baridi ya Njombe

Okidi nyingi zinazouzwa kwenye vitalu vya kando ya barabara jijini Dar es Salaam asili yake ni misitu ya joto ya kusini-mashariki mwa Asia, na pwani yetu inazifaa kwa sababu hata usiku wa Julai huko si wa kutetemesha. Anayeinunua na kuipandisha Njombe, mji ulio karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, anaitoa katika usiku wa nyuzi 20 hivi za Selsiasi na kuiingiza katika usiku ambao wakati wa kipupwe huweza kushuka chini ya nyuzi 10, tena katika nyumba isiyo na joto jingine zaidi ya lile lililoachwa na jua la mchana. Hata hivyo mmea huo unaweza kuishi huku na kuchanua, mradi mwenyewe aelewe kwamba okidi huweza kuivumilia baridi kwa kiasi fulani ikiwa kavu, lakini ikikutwa imelowa huoza upesi.

Kwanza tambua aina uliyonayo. Phalaenopsis, ile yenye majani mapana manene na maua yaliyotanda kama vipepeo, hupenda usiku usioshuka chini ya nyuzi 16, na Vanda, ambayo mizizi yake huning'inia hewani, nayo ni ya joto vilevile. Cattleya huridhika na nyuzi 13 hivi. Cymbidium, yenye majani marefu membamba kama ya nyasi, hustahimili baridi kuliko hizo zote, na usipoipatia usiku wa baridi huendelea kutoa majani tu bila maua. Kwa mkazi wa Njombe anayeanza, hiyo ndiyo ningemshauri aitafute. Zile okidi za mwituni za uwanda wa juu wa Kitulo zisikudanganye kuwa okidi zote huizoea sakitu, yaani umande unaoganda kwa baridi kali. Zile huota ardhini, na majira ya ukame na baridi yanapofika majani yake hunyauka, uhai ukarudi kwenye viazi vilivyofukiwa udongoni kusubiri mvua. Phalaenopsis haina kiazi. Akiba yake imo katika majani na mizizi, nayo yote yako wazi kwa hewa ya usiku.

Jambo la pili ni kupima baridi pale pale mmea ulipo. Kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha chini kilichofikiwa usiku ni kifaa cha bei ndogo, na kinafaa kiwekwe usawa wa majani, kwa kuwa saa ya baridi kali kuliko zote ni ile inayotangulia macheo, wakati sisi tumelala. Nilipokiweka changu dirishani niligundua kwamba kati ya kioo na pazia palikuwa na baridi kuliko mahali pengine popote chumbani. Mchana dirisha ni mahali pazuri kwa ajili ya mwanga, lakini jioni kabla ya kushusha pazia, uhamishie mmea upande wa ndani, juu ya meza, mbali na kioo. Usiuweke kwenye sakafu ya saruji, na usiuache karibu na mlango unaofunguliwa alfajiri.

Umwagiliaji ndio unaoangamiza okidi nyingi za huku. Maji yaliyolala kwenye simtanki juu ya paa huwa ya baridi sana asubuhi, na yakimwagwa kwenye majani ya Phalaenopsis yanaweza kuyaachia makovu hata kama chumba chenyewe kina joto la kutosha. Mimi huchanganya maji hayo na ya moto kutoka kwenye chupa ya chai hadi nikitumbukiza mkono nisisikie baridi wala joto, kisha namwagilia mnamo saa nne asubuhi, ili mchana wote uwepo wa kukausha. Tone likibaki katikati ya majani, pale jani jipya linapochomoza, lifyonze kwa ncha ya karatasi laini, kwa sababu likikaa hapo usiku kucha wakati wa baridi, moyo wa mmea huoza na mara nyingi hapana tena la kufanya. Usimwagilie kwa kufuata kalenda. Tazama mizizi: ikiwa ya kijani bado ina maji, ikigeuka rangi ya fedha imekauka. Chungu kilichokuwa kikihitaji maji kila wiki wakati wa Desemba kinaweza kukaa siku kumi au zaidi mwezi Julai, na mbolea ipunguzwe kwa kiasi hicho hicho.

Kwa sababu hiyo hiyo, usiupande katika udongo. Njombe tuna bahati ya misitu ya misindano na mashine za mbao, na magome yake yaliyokatwa vipande vya ukubwa wa ncha ya kidole, yakachanganywa na vipande vya mkaa, hupitisha maji na hewa vizuri sana.

Jiko la mkaa lisiwe suluhisho. Kuliwasha katika chumba kilichofungwa usiku ni hatari kwa watu waliolala humo, na kwa okidi moshi wake una gesi ya ethilini, ambayo huifanya mimea iangushe vitumba kabla havijafunguka. Gesi hiyo hiyo hutolewa na matunda yanayoiva. Katika mkoa wetu wa maparachichi, ambako nyumba nyingi huwa na ndoo ya matunda yanayosubiri kuiva, hakikisha ndoo hiyo haikai chumba kimoja na okidi iliyochanua.

Usiku ukionekana kuwa wa sakitu, yaani anga jeupe bila mawingu na upepo umetulia, chukua boksi kubwa, tandika magazeti chini, weka mmea ukiwa mkavu pamoja na chupa mbili za maji ya moto zilizofungwa kwa kitambaa na zisizogusa majani, kisha funika kwa kanga au blanketi jepesi. Funua asubuhi jua likishapanda. Mwenye okidi nje akumbuke kwamba hewa ya baridi huteremka bondeni kama maji, ndiyo maana sakitu huunguza mboga za vinyungu, zile bustani za bondeni, wakati migomba ya juu mlimani imesalimika. Vyungu viwe upande wa juu wa kiwanja, chini ya upenu. Ukitumia nailoni, iinue kwa vijiti isilale juu ya majani, na iondoe mchana.

Madhara ya baridi huchelewa kuonekana, na hapa wengi hupotea. Niliwahi kusafiri na Phalaenopsis kwa basi mwezi Julai, nikaifikisha alfajiri ikiwa nzima kabisa. Wiki tatu baadaye upande wa juu wa jani changa ulianza kubonyea vishimo vidogo, vya manjano kwanza, kisha vya kahawia, kana kwamba mtu ameubonyeza kwa kucha. Nikadhani ni fangasi, nikapulizia dawa mara mbili bila faida, kwa kuwa zilikuwa ni seli za ndani zilizokufa siku ile ya safari. Jani la namna hiyo usilikate, kwa maana sehemu yake ya kijani bado inaulisha mmea. Likate tu iwapo doa ni laini, linatoa maji na linasambaa, kwa kisu kilichopitishwa kwenye moto.

Baridi ya kiasi, hata hivyo, ina kazi yake. Phalaenopsis iliyopata usiku wa nyuzi 16 hadi 18 kwa wiki kadhaa ndiyo inayochochewa kutoa kikonyo cha maua, kwa hiyo usihangaike kuipa joto la Dar es Salaam mwaka mzima. Septemba jua linapokuwa kali, izoeze mwanga mkali kidogo kidogo, kwanza nyuma ya pazia jepesi kwa wiki mbili, kwa sababu majani yaliyozoea mwanga hafifu wa kipupwe huungua kwa siku moja.