Mali kauli: karatasi ya kuandika kabla mzigo haujatoka dukani

Kuuza jumla Kariakoo bila kutoa mali kauli ni vigumu. Mteja wa Kahama au Masasi anabeba mzigo leo, hela inakuja akishauza. Sheria haikatazi. Balaa huanza pale muuzaji anapokwenda mahakamani na daftari lake tu, lisilo na saini ya aliyechukua.

Kwanza jua unamdai nani. Jina lililo kwenye kibao cha duka, hata kama limesajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa biashara), si mtu. Anayedaiwa ni mwenye jina hilo. Andika majina yake kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, kisha "anayefanya biashara kwa jina la…". Kwa kampuni mambo ni mengine. Kampuni ni mtu kamili kisheria, na deni lake kwa kawaida halimgusi mkurugenzi. Kampuni ikiwa haina mali, utashinda kesi na usipate cha kukamata. Kwa hiyo mkurugenzi asaini mara mbili: kwa niaba ya kampuni, na kwenye karatasi ya pili akijidhamini yeye binafsi kulipa deni. Wauzaji wengi huona haya kuomba saini hiyo ya pili. Iombe, maana ndiyo inayookoa mtaji.

Maneno yenyewe yawe mafupi: "Leo tarehe … nimepokea khanga doti 600, kila doti Sh 12,000, jumla Sh 7,200,000. Sijalipa chochote. Nitalipa Sh 3,600,000 ifikapo tarehe … na Sh 3,600,000 ifikapo tarehe …" Asaini mnunuzi mwenyewe, si kuli wala dereva wa gari la mkoani. Akimtuma mtu, jina la aliyetumwa liandikwe humo humo.

Sentensi ya "sijalipa chochote" usiiache. Mzigo ukitoka unatoa risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi), na mdaiwa mjanja huipeleka mahakamani kama ushahidi kwamba alishalipa. Kosa baya zaidi ni risiti pungufu: mzigo wa milioni saba, risiti ya milioni mbili. Mbali na kosa la kikodi, umeshampa mdaiwa karatasi yako mwenyewe inayokukanusha.

Andikeni pia hasara ni ya nani mzigo ukipotea kabla haujalipiwa. Msipokubaliana, hasara hufuata umiliki, na umiliki hufuata nia yenu, ambayo kila mmoja ataieleza kwa namna yake. Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 2021, bidhaa ziliteketea usiku mmoja. Sentensi moja inatosha: "Mzigo ukishapokelewa, hasara ya moto au wizi ni ya mnunuzi."

Faini ya kuchelewa iwe ya wastani. Ukiandika kwamba akichelewa deni liwe mara mbili, mahakama itakupa fidia inayoona ni ya haki tu, na kiwango mlichoandika kitakuwa ukomo wake.

Mkataba ulipiwe ushuru wa stempu TRA ndani ya siku 30 tangu kusainiwa. Usiolipiwa hukataliwa kama ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na adhabu. Jumbe za WhatsApp nazo hupokelewa tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ila mahakama hupima zilivyotunzwa. Usiuze simu iliyozipokea ukabaki na picha za skrini.

Siku ya kulipa ikipita, usikimbilie polisi. Deni la mkataba ni madai, si jinai, labda kuwe na udanganyifu tangu mwanzo. Peleka barua ya madai yenye siku 14 na ubaki na nakala iliyosainiwa kupokelewa. Muda wa kushtaki kwa mkataba ni miaka 6. Anayekuomba subira akuandikie na kusaini kwamba bado anadaiwa, akitaja kiasi: kabla miaka 6 haijaisha, karatasi hiyo huanzisha hesabu upya.