CV ya kwanza ukiwa umemaliza form four na hujawahi kuajiriwa popote, anzia hapa

Kila mwaka mitihani ya kidato cha nne ikiisha mwezi wa kumi na moja, hapa steshenari ninapofanya kazi wanaanza kuingia vijana wa miaka 17, 18 wanataka CV, na karibu wote wanaanza na maneno yale yale, dada mimi sina cha kuandika nitungie tu. Mdogo wangu, sikutungii, na usikubali mtu yeyote akutungie, maana siku ya kuitwa kwenye usaili atakayeulizwa maswali ni wewe. Tukikaa robo saa tu ukurasa mmoja unajaa, na kwa umri wako ukurasa mmoja unatosha kabisa.

Kabla hujagusa kompyuta chukua daftari uandike kila kazi uliyowahi kuifanya ikakutegemea wewe, iwe nyumbani, shuleni, kanisani, madrasa, mtaani, popote. Usichuje kwanza. Hapa ndo watu wanapokwama kwa sababu wanadhani kazi ni ile ya kusaini mkataba tu.

Mwezi wa kwanza alikuja binti anataka kuomba kazi ya mgahawa, akaniambia sijawahi kufanya kazi yoyote. Nikamuuliza asubuhi unafanyaga nini, akasema namsaidia mama mkubwa vitumbua kabla ya shule. Vingapi? Kama mia na hamsini. Hela anapokea nani? Mimi. Na wanaokopa? Nawaandika mimi, kuna daftari. Toka lini? Toka form two. Yaani mtu anaamka saa kumi usiku miaka zaidi ya miwili, anauza, anarudisha chenji, anatunza madeni ya watu wazima halafu anaambiwa hana uzoefu na anakubali! Tukaandika hivi:

"Msaidizi, biashara ya vitumbua ya familia, 2023 hadi 2025. Kuandaa na kuuza vitumbua takriban 150 kila asubuhi kabla ya masomo, kupokea fedha na kurudisha chenji, kutunza daftari la wateja wanaokopa."

Hamna uongo hata kidogo pale, na mwenye mgahawa akisoma anaelewa huyu anajua kuwahi na anajua hela. Fanya hivyo hivyo na vya kwako, kila kitu kiwe na idadi au muda. "Nilikuwa kiranja" haisemi kitu, ila "kiranja wa chakula, nilisimamia ugawaji wa chakula kwa wanafunzi 300 kila siku" inasema. Ulicheza UMISETA, ile michezo ya shule za sekondari, mpaka ngazi ya mkoa, weka. Ulikaa kwa wakala wa M-Pesa wa mjomba wakati wa likizo, weka. Unafundisha wadogo hesabu jioni, weka.

Sasa mpangilio. Juu kabisa jina lako kama lilivyo kwenye cheti, namba ya simu, barua pepe na mtaa na wilaya unayoishi. Barua pepe fungua mpya ya jina lako, zile za majina ya utani baki nazo kwa marafiki. Dini, kabila na namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) usiweke kama hawajaomba, CV inapita mikononi mwa watu wengi usiowajua. Chini yake sentensi mbili kwamba we ni nani na unataka kazi gani, na hizo zibadilishe kila unapoomba sehemu tofauti. Halafu elimu, na hapa tafadhali sana, kama matokeo hayajatoka andika "nasubiri matokeo ya kidato cha nne", usiandike division unayoitegemea. Halafu zile shughuli zako, halafu ujuzi. Kwenye ujuzi andika kile ambacho ukipewa sasa hivi utakifanya mbele yao, ukiandika Excel wakikuwekea laptop ujue kujumlisha.

Mwisho wadhamini wawili au watatu, yaani watu wanaokufahamu ambao mwajiri atawapigia kuulizia habari zako, sio baba wala mama. Mwalimu wa darasa, kiongozi wa dini, mwenyekiti wa mtaa, au mwenye duka uliyemsaidia. WAOMBE KWANZA. Kuna kijana nilimchapia akaweka namba ya mwalimu bila kumwambia, alipopigiwa mwalimu akasema jina hilo silikumbuki, kazi ikaishia pale, na kijana mwenyewe alikuwa mzuri tu iliniuma sana.

Lugha fuata tangazo, likiwa la Kiingereza andika Kiingereza, kama ni duka la jirani Kiswahili safi kinatosha.

Kama hujafika 18 jua pia haki yako. Hapa Tanzania Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kuajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na kuanzia 14 ni kazi nyepesi tu zisizoharibu afya wala masomo, kazi za hatari kama migodini ni mpaka 18. Na mtu akikwambia tuma hela ya fomu au ya usajili ndo upewe kazi, achana naye hapo hapo.

Ukishamaliza mpe mtu mwingine asome, uhakikishe namba ya simu tarakimu kwa tarakimu, kisha i-save PDF kwa jina lako, sio "CV mpya 2". Ukiwa umechapia steshenari jitumie faili kwenye email, halafu kabla hujanyanyuka mwambie anayekuhudumia alifute kwenye desktop na kwenye recycle bin, na email yako utoke mwenyewe kwa mkono wako. Kompyuta hizi kwa siku wanakaa watu wengi sana.